Sura za mwezi kwa video ya dakika moja

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani mwezi hupungua kwa kuwa kivuli cha dunia kimeufunika. Sivyo. Jua huangaza nusu ya mwezi wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoiona tukiwa duniani. Kivuli cha dunia huhusika na kupatwa kwa mwezi, jambo linalotokea mwezi ukiwa mpevu tu.

Kosa hili hurekebishika kwa video ya sekunde 60, mradi ibebe jambo hilo moja. Ukichomekea na safari za Apollo zilizopeleka watu mwezini, mtazamaji ataondoka bila kushika lolote.

Tafuta mpira wa sentimita 5 hivi uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, uuchomeke kwenye kijiti cha mshikaki. Mpira wa tenisi ya mezani haufai usipopakwa rangi: hupitisha mwanga, na upande wa giza nao ukang'aa. Washa balbu moja tu isiyo na kifuniko, mita 2 au 3 kutoka ulipo, usawa wa macho. Rekodi usiku, na kama kuta ni nyeupe zitundikie shuka nyeusi, maana hurudisha mwanga.

Shika simu wima kwa mkono mmoja karibu na uso, mpira kwa mkono mwingine ulionyooshwa. Kamera ndiyo dunia. Kabla ya kuanza, bonyeza sehemu angavu ya mpira kwenye kioo hadi simu ifunge fokasi na mwanga. Hapa ndipo video nyingi huharibika: kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe, huongeza mwanga kila giza linapozidi, na hilali ikapotea.

Elekea balbu, kisha geuka polepole upande wa kushoto, mzunguko mzima kwa sekunde 30. Mwezi hukamilisha sura zake kwa siku 29.5, kwa hiyo sekunde moja ni kama siku moja. Iandike hesabu hiyo kwenye picha. Wengi hutazama bila sauti.

Ukiipa balbu mgongo, kivuli cha kichwa chako kitaangukia mpira. Uinue juu ya kichwa, na ueleze sababu: njia ya mwezi imeinama takriban nyuzi 5 kutoka kwenye njia ya dunia kulizunguka jua, ndiyo maana haupatwi kila mwezi. Tena, kwa vipimo halisi mpira huo ungekaa mita 5 na nusu kutoka kwenye kamera. Urefu wa mkono unakikuza mno kivuli, na mtazamaji aambiwe.

Usiazime picha za hilali iliyosimama wima kutoka Ulaya. Kwetu karibu na ikweta hilali ya jioni hulala kama mtumbwi, na mtoto wa Dodoma au Mombasa atakayetoka nje kulinganisha ataona video imedanganya. Piga yako, magharibi, nusu saa baada ya jua kuzama.

Irushe siku ya robo ya kwanza, yaani mwezi unaokua ukiwa umefika nusu, saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo nusu mwezi u juu karibu na utosi, na utaonekana hadi karibu saa sita usiku.