Kifua na mbavu vinabana baada ya mazoezi: ni misuli, gesi au moyo?

Kila Jumatatu maswali ni yale yale. Mtu Jumamosi kakimbia na klabu yake ya joging kutoka Temeke mpaka Coco Beach, au karudi jimu baada ya kupotea mwaka mzima, leo kifua hakigusiki na mbavu zinauma hata akicheka. Wengine wameshajitibu gesi, wengine wameshaanza kuaga ndugu. Nayajibu hapa kwa pamoja.

Swali: Juzi jioni nimepiga pushapu na benchi, usiku nimelala freshi kabisa. Jana nikaanza kusikia maumivu, leo ndo kifua kimekaza, kushika bomba kwenye daladala tabu tupu. Moyo huu au?

Kwa maelezo hayo ni misuli, kaka. Na kinachonifanya niseme hivyo sio sehemu inayouma, ni muda yalipoanza. Misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea haiumi sana siku ileile, inaanza kama masaa 12 mpaka 24 baadaye, inafika kileleni siku ya pili au ya tatu, afu inapoa yenyewe, mara nyingi wiki haiishi. Nyuzi za misuli zinapata michubuko midogo midogo, hasa pale unapojishusha taratibu kwenda chini na sio unapojisukuma juu, mwili ukianza ukarabati ndo panavimba kidogo na kuuma. Ile stori ya jimu kwamba ni asidi imejaa kwenye misuli achana nayo, hiyo asidi inaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza zoezi, haiwezi kukusubiri mpaka keshokutwa.

Jipime hivi: bonyeza kwa vidole ile misuli karibu na kwapa, zungusha mabega, sukuma ukuta. Kama maumivu yanayokuja ni yale yale yaliyokuleta kwangu, na ukitembea kawaida bila kutumia mikono hayaongezeki, hapo misuli au mbavu ndo washukiwa wakubwa. Sisemi asilimia mia, maana wapo wachache wenye tatizo la moyo ambao wakibonyezwa nao wanaumia, kwaiyo kama una presha, sukari, unavuta sigara au umri umesogea usijipe cheti mwenyewe.

Swali: Mimi sijabeba chuma chochote, nimekimbia tu, mbona mbavu zinauma nikivuta pumzi?

Kati ya ubavu na ubavu kuna misuli, na kazi yake ni kukusaidia kuhema. Umekimbia saa nzima unahema juu juu, tena na wale wa klabu mnaimba na kuitikia njia nzima, unafikiri hiyo misuli ilikuwa imepumzika? Nayo imefanya mazoezi, sio miguu peke yake. Kikohozi kikali cha siku kadhaa kinaleta kitu hichohicho.

Kingine ni pale mbavu zinapoungana na mfupa wa katikati ya kifua. Pale kuna mfupa laini, ule unaotafunika ukila nyama ya kidari, na unaweza kuvimba ukizidisha pushapu au kunyanyua vitu vizito. Dalili yake mtu anaionyesha kwa kidole kimoja, "hapa hapa daktari", na ukipabonyeza anaruka. Haina hatari ila inachosha, inaweza kukaa wiki kadhaa, na inakawia zaidi kwa sababu mtu kila asubuhi anapiga pushapu mbili tatu kuangalia kama imepona.

Kichomi cha ubavuni katikati ya mbio ni kitu kingine, mara nyingi umekimbia na chapati na supu bado ziko tumboni. Punguza mwendo, pumua taratibu, kitaachia.

Ila kama maumivu yamekuja ghafla upande mmoja na pumzi inakata, hasa kijana mwembamba mrefu, pafu linaweza kuwa limevuja hewa. Na kama nyama ya mguu mmoja huku nyuma imevimba na inauma, inaweza kuwa damu imeganda mguuni na kipande kimekwenda kwenye mapafu. Hayo yote ni hospitali leo leo.

Swali: Nikimaliza tu kukimbia kifua kinabana, nakohoa na nasikia mluzi. Nikikaa kidogo kinaachia.

Hii inanukia pumu ya mazoezi. Njia za hewa zinajikaza ukihema sana, inakuwa mbaya zaidi dakika 5 mpaka 15 baada ya kusimama, afu inatulia ndani ya saa moja hivi. Vumbi na moshi wa malori ya Barabara ya Mandela vinaongeza chumvi kwenye kidonda. Usiazime pampu ya jirani, nenda ukapimwe pumzi. Ikithibitishwa unaweza kupewa dawa ya kuvuta kabla ya zoezi na ukaendelea kukimbia vizuri tu.

Swali: Mama yangu ana miaka 58, ana presha na sukari. Tukitembea haraka pale Daraja la Tanzanite anasema chembe ya moyo inakuwa nzito, akisimama dakika chache inaisha. Majirani wanasema gesi, anakunywa tangawizi.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Gesi haifuati mwendo wala ngazi. Kitu kinachokuja ukitembea haraka, kikaondoka ukisimama, kikarudi ukianza tena, hicho ni cha moyo mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Mishipa inayolisha moyo ikiwa imebana, moyo ukitulia damu inatosha, ukiongeza kazi haitoshi, basi unalalamika. Kiungulia chenyewe kina tabia nyingine: kinachoma kwenda juu, kinaacha uchachu mdomoni, kinaamka ukiinama au ukipiga sit-apu umeshiba.

Matembezi yasimame kwanza, mpeleke wiki hiihii, iwe hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, wakiona haja watampa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Na mkifika msiseme tu "kifua kinauma", semeni kinabana akitembea na kinaachia akisimama. Maana kile kipimo cha umeme wa moyo anachopimwa amelala kinaweza kutoka safi kabisa na tatizo lipo, akaambiwa arudi nyumbani, na hapo gesi inapata nguvu upya.

Afu wanawake na wenye sukari wakati mwingine hawasikii maumivu kabisa, wanachoka ajabu, jasho, kichefuchefu, pumzi fupi.

Ikibana akiwa amekaa na isiachie ndani ya dakika 10 hivi, au ikipanda shingoni, kwenye taya au mkononi, au jasho la baridi linamtoka, ni hospitali saa hiyohiyo, asiendeshe gari mwenyewe na asipande bodaboda. Kama aspirini haina madhara kwake na hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, atafune aspirini ya miligramu 300 mkiwa njiani.

Swali: Kijana wa miaka 20 naye anaweza kuwa na moyo?

Mara chache, ila yupo. Mchezaji mpira Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon Juni 2003 akafariki akiwa na miaka 28, na uchunguzi ulikuta misuli ya moyo imenenepa, ugonjwa unaorithiwa. Kijana akizimia katikati ya mazoezi, au kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla bado mdogo, apimwe moyo kabla ya kurudi mchangani.

Swali: Nimeze diklofenaki niendelee na programu?

Kwa maumivu ya kawaida Panadol na kukandwa na maji ya moto vinatosha. Diklofenaki ukiwa umekaukiwa maji kwenye joto kama la Januari inaweza kuumiza figo, na kwa mwenye presha ndo kabisa. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya Coca-Cola na misuli imevimba, usimeze dawa yoyote, misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini, wahi hospitali.

Kurudi jimu subiri uweze kuvuta pumzi ndefu bila kukunja uso, afu anza na nusu ya ulichofanya siku ile. Kochi akikuambia "maumivu ndo mafanikio", mwambie akuwekee uzito mdogo.