Je, wajua kwa nini waigizaji wengi wa kike wa zamani walianza kwa picha ya mnato?

Ukiacha barabara ya Arusha–Moshi pale Usa River ukakata kushoto kuelekea Momella, unaingia kwenye nchi ambayo mamilioni ya watu waliiona kwenye sinema bila kujua iko wapi. Huko ndiko mwongozaji wa Hollywood, Howard Hawks, alikopiga sehemu kubwa ya filamu ya Hatari!, kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi mapema 1961, miezi kadhaa kabla ya Uhuru. Wenyeji wakiitaja filamu hiyo, jina la kwanza ni la nyota wake, John Wayne. La pili ni Hardy Krüger, Mjerumani aliyenogewa na mahali hapo hadi akanunua shamba. Wanawake wawili waliokuwa nao ni nadra kuwasikia wakitajwa, na kumbe safari yao ya kufika Momella inajibu swali ambalo mashabiki wa filamu hujiuliza: ilikuwaje msichana asiye na shule ya uigizaji, wakati mwingine hata lugha ya filamu haijui, akawa nyota kwa sababu ya picha moja tu?

Elsa Martinelli, mmoja wa wanawake hao wawili, alizaliwa 1935 Grosseto, Italia, kwenye familia isiyo na uwezo. Roma alifanya kazi ya uhudumu wa baa. Mwaka 1953 mbunifu wa mavazi Roberto Capucci alimwona, akamfanya mwanamitindo, na baada ya muda mfupi sura yake ikawa kwenye majarida. Mwigizaji wa Marekani Kirk Douglas alisema alimwona kwenye jalada la jarida, akamwita Marekani kuigiza katika filamu iliyotoka 1955. Mwaka uliofuata Martinelli alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin, kwa filamu ya Donatella. Kutoka kubeba trei hadi tuzo hiyo ni miaka mitatu.

Ukiambiwa ni bahati, kubali nusu tu. Nusu nyingine ni namna biashara yenyewe ilivyokuwa ikiendeshwa.

Jukwaani, mtazamaji wa kiti cha nyuma haoni kope za mwigizaji. Anasikia sauti na kuona mwili ukitembea. Kwenye sinema ni kinyume. Picha ya karibu huchukua uso na kuutandaza ukutani, mita kadhaa kwa mita kadhaa. Na uso ni kitu cha ajabu mbele ya kamera: kuna mtu mzuri wa kupindukia ukikutana naye sokoni, ambaye pichani anapooza kabisa, na kuna wa kawaida ambaye taa ikimpiga, anawaka. Mpiga picha yeyote wa studio za mjini, Arusha au Moshi, atakwambia hivyo hivyo. Kwa kuwa haiwezekani kulijua hilo kwa kumtazama mtu kwa macho, wenye studio za filamu walihitaji kipimo, na kipimo cha bei rahisi kuliko vyote kilikuwa picha ya mnato.

Mfano ninaoupenda ni wa Ava Gardner, nyota wa Hollywood. Huyu alizaliwa 1922 kijijini North Carolina, mtoto wa mwisho kati ya saba wa wakulima wa tumbaku. Alikuwa akisomea uhazili. Shemeji yake alikuwa na studio ya picha New York. Alimpiga picha, akaitundika dirishani. Akapita kijana aliyefanya kazi kwenye kampuni mama ya MGM, studio kubwa ya filamu ya Hollywood, akaiona, akaanza kutafuta namba ya simu ya yule binti. Namba hakuipata, lakini picha zikafika MGM.

Alipoitwa kwa majaribio mwaka 1941, lafudhi yake ya kusini ilikuwa nzito kiasi kwamba waliamua kumrekodi bila sauti. Akaambiwa atembee, akae, ainue macho, apange maua kwenye chombo. Basi. Akapewa mkataba wa miaka saba, dola 50 kwa wiki, na mwalimu wa kumnyoosha matamshi. Miaka mitano alipita kwenye vipande vidogo, vingine hata jina lake halikuandikwa, mpaka 1946 alipong'ara katika filamu ya The Killers.

Huo mkataba wa miaka saba ndio ufunguo. Studio ilinunua sura kwanza, halafu ikalipa gharama ya kumfundisha mwenye sura: kusema, kutembea, kuimba, hata kupanda farasi. Asipofaa, studio ilikuwa na nafasi kadhaa njiani za kumwacha. Yeye mwenyewe kuondoka haikuwa rahisi. Akikataa nafasi husimamishwa bila malipo, na muda huo huongezwa mwishoni mwa mkataba. Mwigizaji Olivia de Havilland aliishitaki studio yake, Warner Bros., kwa jambo hilo, na mahakama ya rufaa ya California ikampa ushindi mwaka 1944: miaka saba ni ya kalenda, ikiisha imeisha.

(Gardner huyo huyo ndiye aliyeigiza katika filamu ya 1952 yenye jina la mlima wetu, The Snows of Kilimanjaro. Msisumbuke kumtafuta Moshi; sehemu kubwa ilipigwa studio, California. Afrika Mashariki alifika kwa ajili ya filamu nyingine, Mogambo, iliyotoka 1953.)

Italia walikuwa na njia ya mkato zaidi. Filamu nyingi za huko zilipigwa kwanza, sauti ikaingizwa baadaye chumbani, na aliyeingiza sauti si lazima awe yule anayeonekana. Claudia Cardinale, aliyezaliwa Tunis 1938 na kukulia kwenye Kifaransa na Kisicilia, alishinda shindano la urembo la Waitalia wa Tunisia mwaka 1957, zawadi ikiwa safari ya Venice. Akaingia kwenye filamu, akawa nyota, na kwa miaka kadhaa watazamaji wa Italia walikuwa wakisikia sauti ya mtu mwingine. Yake waliisikia kwanza 1963. Sophia Loren naye alipanda jukwaa la urembo akiwa binti mdogo, na gauni ambalo familia yake ililishona kwa kitambaa cha pazia. Akapata tiketi ya treni kwenda Roma, kisha kazi katika majarida ya hadithi za picha, aina ile ambayo hata huku ilisomwa sana wakati wa Lance Spearman, yule mpelelezi wa hadithi za picha. Kwenye hadithi za picha, maneno yako yanaandikwa kando ya kichwa chako. Wewe tazama tu.

Turudi Momella, maana pale hesabu ilibadilika. Mwanamke wa pili, Michèle Girardon, alikuwa Mfaransa. Mwaka 1956 alikuwa ameigiza katika filamu ya mwongozaji Luis Buñuel, nafasi ya msichana kiziwi asiyesema. Hawks alipomchukua, Kiingereza hakijui. Akajifundisha hapo hapo kazini, huku nafasi yake ikiwa ni ya mwenye kampuni ya kukamata wanyama. Martinelli yeye alicheza mpiga picha wa wanyama. Hawks alisema mhusika huyo alitokana na Ylla, mpiga picha maarufu wa wanyama aliyefariki India 1955. Na hapa picha ya mnato haikusaidia kitu: watoto wa tembo hawaangalii jalada la jarida. Ilibidi wamzoee yeye mwenyewe, wamfuate hadi majini. Mwisho wa filamu wanaingia Arusha mjini wakimtafuta kwa kunusa, wanapita madukani, wanaingia hadi hotelini.

Na kwetu? Njia ya urembo ipo: Wema Sepetu alikuwa Miss Tanzania 2006 kabla ya filamu. Lakini mlango mkubwa wa Bongo ulikuwa makundi ya maigizo, kama Kaole Sanaa Group iliyorushwa ITV, ambako Elizabeth Michael, yaani Lulu, alianza akiwa mtoto. Au nyumbani: Monalisa, aliyeonekana katika Girlfriend ya 2003, mama yake Natasha ni mwigizaji. Sababu naiona wazi. Filamu zetu hurekodi sauti papo hapo, na hakuna studio ya kukulipa miaka mitano ukijifunza. Msichana anatakiwa aje akiwa tayari anajua kusema.

Ndiyo maana usaili wa siku hizi hauishii kwenye picha. Dada wa Ngarenaro, Arusha, au wa Majengo, Moshi, anaombwa atume video fupi kwa WhatsApp: simama, geuka kushoto, geuka kulia, sasa taja jina lako na utoe mistari uliyopewa. Sehemu ya kwanza ni jaribio la Ava Gardner bila maua. Wengi huangukia ya pili, kelele za bodaboda zikiwa nyuma yao.