Bastola bila kibali Marekani: yanayosemwa na watu na sheria yenyewe

"Texas siku hizi unabeba tu bastola, huulizwi." Maneno haya nimeyasikia harusini na misibani, kila wanapokusanyika watu wa nyumbani huko Dallas na Houston. Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoponza watu.

Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea hahitaji kibali kubeba bastola Texas, ili mradi hakuna sheria nyingine inayomkataza. Hadi 2024 majimbo 29 yalikuwa yameshika njia hiyo, na Vermont haijawahi kudai kibali hata siku moja. Ila kilichoondolewa ni kibali cha kubeba. Orodha ya wasioruhusiwa kuwa na silaha ni ya serikali ya shirikisho, na jimbo haliwezi kuifuta.

Humo tumo wengi. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, hatakiwi kuwa na bastola wala risasi, ukiacha misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Watu hudhani katazo ni la kununua. Sivyo. Binamu akikupeleka Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, akakupa bastola yake ufyatue mbili tatu na kupiga picha, kosa limeshatimia. Kifungo chaweza kufika miaka 15, na baada yake kurudishwa kwenu. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hili, lakini hata raia akihukumiwa kwa kosa dogo la kumpiga mkewe, huzuiwa.

"Bila kibali maana yake popote." Hapana. Tazama mlangoni mwa baa za Texas: kuna bango lenye 51% kwa tarakimu kubwa nyekundu. Maana yake, zaidi ya nusu ya mapato ni ya pombe inayonyweka hapo hapo, na bastola haiingii. Kwenye shule, sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000, kama mita 300, na inamsamehe mwenye kibali cha jimbo hilo. Asiye na kibali hana msamaha huo. Ndiyo maana Texas bado inatoa vibali, na mimi namshauri kila anayestahili akichukue.

Kingine ni mipaka. Missouri haidai kibali tangu 2017. Vuka daraja la mto Mississippi kutoka St. Louis, shuka garini upande wa Illinois ukiwa na bastola kiunoni, na umevunja sheria, kwa kuwa Illinois inataka leseni yake yenyewe.

Wapo pia wanaosema Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta vibali mwaka 2022. Ilichofuta ni sharti la New York la kumtaka mwombaji athibitishe ana haja ya pekee. Kibali chenyewe New York bado wanakidai.

Na dukani? Muuzaji mwenye leseni bado anakujazisha fomu na kwa kawaida kukagua rekodi zako, Texas kama kwingine. Fomu hiyo inauliza uraia wako na kama uliingia kwa viza ya muda, na kudanganya humo ni kosa jingine peke yake.