Je, wajua kwa nini anayemcha Mungu hamkimbii?

Chini ya Mlima Sinai, mara baada ya Amri Kumi kutolewa, Waisraeli walisikia ngurumo na sauti ya baragumu, wakauona mlima ukitoa moshi, wakarudi nyuma na kusimama mbali. Wakamsihi Musa aseme nao yeye, maana Mungu akisema nao watakufa. Jibu la Musa, katika Kutoka 20:20, linashangaza: msiogope, kwa kuwa Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yenu, msifanye dhambi. Wasiogope, lakini wawe na hofu. Inawezekanaje?

Wengi huamini kwamba kumcha Mungu ni kuhofia adhabu yake: mtu haibi wala hasemi uongo kwa sababu Mungu anaona na atalipiza. Ukiishika dhana hiyo, maneno ya Musa hayaeleweki kabisa. Tena inagongana na Zaburi 130:4, isemayo: “Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe.” Kicho, yaani huko kumcha Mungu, kingekuwa hofu ya adhabu tu, msamaha ungekimaliza, kwa maana aliyekwisha kufutiwa kosa anahofia nini tena? Mtunga zaburi anasema msamaha ndio unaokizaa.

Tazama pia walioogopa walielekea wapi. Adamu alipoogopa, alijificha kati ya miti ya bustani. Petro, katika Luka 5, alikesha akivua bila kupata kitu, kisha kwa neno la Yesu akazishusha nyavu zikajaa samaki hata zikaanza kukatika, na mashua mbili zikakaribia kuzama. Hakutishiwa wala hakukaripiwa, alipewa samaki. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu, akasema, “Ondoka kwangu, Bwana, maana mimi ni mwenye dhambi.” Lakini aliyasema akiwa ameanguka magotini pa Yesu, na walipofika pwani aliacha vyote akamfuata. Wema usio na kipimo ulimwonyesha Petro yeye ni nani na aliyesimama mbele yake ni nani. Naona hicho ndicho kiini cha jambo lote.

Lakini je, 1 Yohana 4:18 haisemi kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu? Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alilijibu swali hilo kwa mfano wa mshonaji. Sindano hutangulia kuingia kwenye kitambaa, ikitoboa njia. Uzi hauwezi kupita peke yake, ni laini mno. Ila sindano ikikwama mle ndani, uzi nao haupiti; sharti itoke ili uzi uifuate, na kinachobaki kikishikilia vipande viwili pamoja ni uzi. Hofu ya adhabu ni sindano, upendo ni uzi. Augustino hakuishia hapo, kwa kuwa Zaburi ya 19 inasema kicho cha Bwana kinadumu milele. Kwa hiyo akatenganisha hofu mbili: moja huogopa Mungu asije akaadhibu, nyingine huogopa kuwa mbali naye. Ya kwanza hutoka. Ya pili hukua pamoja na upendo. Karne nyingi baadaye mwanateolojia Thomas Aquinas aliziita hofu ya mtumwa na hofu ya mwana, na Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, akayaunganisha mambo hayo kwenye maelezo ya kila amri: kumcha Mungu na kumpenda.

Hata hivyo tusikilainishe kicho hadi kiwe adabu tu. Agano Jipya lina habari ya Anania na mkewe Safira, walioanguka wakafa baada ya kumdanganya Mungu, na Waebrania 12:29 inamwita Mungu wetu moto ulao. Moto huo haukupunguzwa makali kwa ajili ya wanaopendwa.

Kinachonivutia zaidi ni vile kicho hiki kinavyoondoa hofu nyingine. Katika Kutoka 1, Farao aliwaamuru wakunga Shifra na Pua wawaue watoto wa kiume wa Waebrania pale pale wanapozaliwa. Amri ilitoka kwa mtu mwenye uwezo wa kuwaua wao pia. Wakunga hao walimcha Mungu, yasema Biblia, kwa hiyo hawakumtii mfalme, na watoto wakaishi.