Mashine ya Hatua Moja au ya Mfululizo? Dhana Potofu Kuhusu Kujaza Risasi Upya

Wawindaji wenye leseni na vijana wa kampuni za ulinzi hapa Uganda wanatazama video za Wamarekani wakijaza maganda ya risasi kwenye gereji zao, kisha wanauliza swali lile lile: mashine ipi ni bora, ya hatua moja au ya mfululizo? Swali ni zuri, lakini majibu yanayozunguka mitaani yana makosa, na mengine ni ya hatari. Naanza na kosa kubwa kuliko yote, ambalo hata halihusu aina ya mashine.

"Mashine si bunduki, kwa hiyo naweza kuitumia nyumbani."

Chuma chenyewe si silaha, ni kweli. Kinachotoka humo ni risasi. Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inamtaka raia awe na cheti cha bunduki na cha risasi pia, na kutengeneza risasi si jambo ambalo mtu hujiamulia akiwa sebuleni kwake. Baruti nayo huhesabiwa kuwa kilipuzi. Nchini kwetu kazi ya risasi hufanyika Luwero Industries kule Nakasongola, kiwanda kilicho chini ya NEC, shirika la biashara la jeshi la UPDF. Afrika Kusini mwenye leseni anaruhusiwa kujijazia risasi zake kwa masharti, na Marekani ruhusa ni pana zaidi. Hapa kwetu, hata ukiwa na cheti, anza na ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni za silaha, upate jibu la maandishi kabla hujaagiza chochote.

Usimwombe shemeji aliye Marekani akuletee baruti na fataki (kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti) kwenye sanduku lake. Ndege za abiria haziruhusu vitu hivyo kwenye mizigo, na atakayekamatwa uwanjani ni yeye.

Kwa hiyo yanayofuata ni ya yule anayeishi au kuwinda mahali panaporuhusiwa, na ya yule anayetaka kuelewa anachokiona kwenye video.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ganda lililokwisha kupigwa hutolewa fataki iliyokufa, kisha hurudishwa kwenye kipimo chake kwa sababu mlipuko umelitanua. Linatiwa fataki mpya, linawekewa baruti iliyopimwa, linabandikwa kichwa (kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha), na pale inapohitajika mdomo wake unabanwa. Mashine ya hatua moja ina nafasi ya kalibu moja tu, yaani kifaa kinachofanya hatua moja kwenye ganda: unavuta mkono, ganda moja linapata hatua moja. Ukiwa na maganda 100 unayapitisha yote kwenye hatua ya kwanza, unabadilisha kalibu, unaanza upya. Mashine ya mfululizo ina sahani inayozunguka yenye vituo 4, 5 au zaidi. Kila ukivuta mkono, kila ganda lililo juu ya sahani linapata hatua yake, na vituo vikishajaa, kila mvuto unatoa risasi moja kamili.

"Ya mfululizo ni ya haraka, basi ndiyo bora."

Kasi ipo. Mtu aliyezoea mashine ya hatua moja hupata risasi 50 hadi 100 kwa saa, na mwenye mashine ya mfululizo iliyotulia hupata mia kadhaa. Lakini hesabu hiyo ni ya wakati kila kitu kinakwenda sawa. Fataki ikikwama, ganda likiingia upande, au sahani ikiwa haijakaa sawasawa, unasimama na kutafuta kosa liko kituo gani. Kubadilisha kutoka risasi ya bastola kwenda ya bunduki ndefu kunataka sahani nyingine, kalibu nyingine, mara nyingi hata vipuri vya fataki, na marekebisho ya baruti tangu mwanzo. Mwindaji anayepiga risasi 40 kwa mwaka hana kasi ya kuikimbilia. Anayeshindana kwa bastola na kumaliza mamia kila wiki, huyo ndiye mashine ya mfululizo ilibuniwa kwa ajili yake.

"Ya hatua moja ndiyo salama, haiwezi kuweka baruti mara mbili."

Hapa naomba msomaji asiruke mstari, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza vidole na macho.

Risasi ya 9mm ikitumia baruti inayoungua upesi, mara nyingi kipimo sahihi hakijazi hata nusu ya ganda. Ukikosea ukamimina mara mbili, baruti inaingia yote, kichwa kinakaa mahali pake, na kwa nje risasi hiyo haina tofauti na nyingine. Ikipigwa, shinikizo linapita kiwango ambacho bastola ilijengewa. Kosa la upande wa pili ni ganda lisilo na baruti kabisa. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha hapo. Mpigaji anasikia mlio hafifu, anadhani risasi ni mbovu, anaweka nyingine na kufyatua. Ile ya pili inakuta njia imezibwa, na mtutu unaweza kupasuka.

Makosa haya mawili yanaingia kwenye mashine zote, ila kwa milango tofauti. Kwenye hatua moja, maganda 50 yamesimama wima kwenye ubao wenye matundu, wewe unamimina kipimo kimoja kimoja. Simu ikilia, ukageuka, ukirudi hujui uliishia safu gani. Dawa yake ni taa: kabla ya kubandika kichwa chochote, mulika ndani ya kila ganda ulinganishe kina cha baruti. Linalotofautiana na wenzake limwage na upime upya.

Kwenye mfululizo inategemea sahani inazungushwa vipi. Sahani ya mashine ya RL 550 ya kampuni ya Dillon huzungushwa kwa mkono, kwa hiyo ukisahau kuisogeza na ukavuta tena, ganda lile lile linapokea kipimo cha pili. XL 750 ya kampuni hiyo hiyo hujizungusha yenyewe, na hilo linapunguza kosa hili mno kazi inapokwenda bila kusimama. Hatari ya mashine zinazojizungusha huja baada ya kukwama: umerudisha mkono nusu, umechomoa ganda, umelirudisha, na sasa huna hakika lilishapata baruti au la. Hapo usikisie. Toa maganda yote kwenye sahani, mwaga baruti yake, anza upya. Vipo vifaa vya kukagua kina cha baruti vinavyofungwa kwenye kituo kimoja, na vingine hufunga mashine kipimo kikiwa si sawa. Ni fedha iliyotumika vizuri, lakini havichukui nafasi ya jicho.

Mashine ya hatua moja inakudai uangalie jambo moja kwa wakati mmoja, na ya mfululizo inakudai uangalie mambo manne au matano. Swali la kwanza la kujiuliza ni hilo, bei ije baadaye. Ndiyo maana namshauri anayeanza aanze na hatua moja, au na mashine ya kati kama Lee Classic Turret, yenye kalibu nne kwenye kishikio cha juu kinachozunguka lakini inayoshughulikia ganda moja tu mpaka likamilike.

"Risasi za mfululizo hazilengi vizuri."

Ulengaji unatokana na mtutu, kichwa, usawa wa baruti na jinsi kichwa kilivyokaa kwenye ganda. Baruti ya punje ndogo za mviringo hutiririka vizuri kwenye kipimia cha mashine, na risasi zake hufanana sana. Baruti ya vijiti virefu, inayopendwa kwa bunduki za masafa, hukwama na kukatika kwenye kipimia, na hapo kupima kila kipimo kwa mizani kunaleta tofauti ya kweli. Lakini baruti iliyopimwa kwa mizani unaweza kuimimina hata kwenye mashine ya mfululizo. Tena wale wanaoshindania kupiga matundu yaliyokaribiana kabisa kwenye shabaha, wengi wao hutumia kalibu za mkono pale pale uwanjani.

"Ganda lolote linajazwa tena."

Hapana, na kwetu hili lina uzito. Maganda mengi ya risasi za AK katika ukanda huu ni ya chuma na yana mfumo wa Berdan: chini yake kuna matundu mawili madogo ya moto, na kijichuguu ambacho fataki hugongwa dhidi yake kimejengwa ndani ya ganda lenyewe. Sindano ya kalibu ya kawaida, ile inayosukuma nje fataki iliyokufa, hutafuta tundu moja la katikati, kama lilivyo kwenye maganda ya Boxer. Ikikuta Berdan hupinda au huvunjika. Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, ila Wamarekani ndio walioshikamana na mfumo wa Boxer, na mashine zao zote za nyumbani zimejengwa juu yake. Anayeokota maganda ya AK akidhani ana mtaji, ana vyuma chakavu. Tena kukutwa nayo kunaweza kumletea maswali ya polisi.

"Utaokoa fedha."

Kwa risasi moja, huenda. Kwa mwaka, wengi hupiga zaidi tu.

"Hatari iko kwenye mlipuko peke yake."

Fataki nyingi zina kemikali yenye madini ya risasi (lead), na vumbi lake hubaki ndani ya maganda yaliyotumika. Kuyasafisha makavu kwenye chombo kinachotikisika hulipeperusha vumbi hilo. Yasafishwe nje, mbali na watoto, maana miili yao huumizwa na madini haya hata yakiwa kidogo. Usile wala kuvuta sigara mezani, nawa kwa sabuni ukimaliza, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Hili halibadiliki, uwe umenunua mashine ya kituo kimoja au ya vitano.