Mtoto wa kangaruu haoti kwenye chuchu

Wengi wameamini kwamba mtoto wa kangaruu huumbwa ndani ya mfuko wa mama yake, akichipuka kwenye chuchu kama tunda kwenye tawi. Imani hii ni ya zamani. Mwaka 1629 Francisco Pelsaert, mkuu wa msafara wa merikebu za Kiholanzi aliyevunjikiwa merikebu karibu na Australia, aliona wanyama wa jamii hiyo na akaandika kuwa watoto wao huota kwenye chuchu. Simlaumu: ukimkuta kichanga kaing'ang'ania chuchu hivyo, ni rahisi kudhani ameota pale.

Ukweli ni kwamba mimba hutungwa tumboni, kama kwa mamalia wengine. Kangaruu mwekundu huibeba kwa siku 33 hivi tu, kisha huzaa kiumbe cha rangi ya waridi kisichofika hata gramu moja. Macho hayajafunguka na miguu ya nyuma ni vijinundu tu, lakini mikono ina kucha. Kwa mikono hiyo hushika manyoya ya mama na kupanda peke yake hadi mfukoni. Akishaipata chuchu, ncha yake humvimbia mdomoni, ndiyo maana habanduki.

Kwa tembo, kondo, kiungo kinachomlisha mtoto tumboni, hulisha mimba karibu miezi 22. Kangaruu yeye amehamishia kazi kubwa ya kumkuza mtoto kwenye maziwa. Mama mmoja aweza kunyonyesha kichanga na mtoto mkubwa kwa wakati mmoja, kila chuchu ikitoa maziwa ya aina yake.