Mkono wa Kushoto Umwachie Besi Kazi Yake

Kila siku hapa Unguja linasemwa hili: anayeweza kupiga piano peke yake, kwenye kikundi atateleza tu kwa kuwa anasaidiwa. Jamani, si kweli. Jazi ya peke yako na jazi ya watu watatu, yaani piano, besi na ngoma, ni kazi mbili, na mkono wa kushoto ndio unaozitenganisha.

Ukiwa peke yako, mkono huo ndio besi, ndio ngoma. Kati ya mapigo manne, la 1 na la 3 unashuka kwenye noti ya msingi, ile inayoipa kodi jina lake, la 2 na la 4 unarukia kodi juu, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Msikilize mpiga piano wa jazi Art Tatum. Pedali ya mguuni, inayoshikilia sauti, ibadilike na kodi.

Sasa mpiga besi ameingia. Chukua kodi tatu zinazofuatana: Dm7, G7, Cmaj7. Mazoea yanakuvuta kwenye D ya chini. Iache! Anzia F iliyo chini ya C ya katikati: F-A-C-E. Kwa G7 shusha C iwe B tu: F-A-B-E. Kisha E-G-B-D. Msingi haumo hata mara moja, na hakipungui kitu, kwani besi anaupiga. Mpiga piano Bill Evans alipiga namna hii na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma mwaka 1961.

Mkigongana chini, hasara inasikika. C ya chini ni mitetemo 65 hivi kwa sekunde. Besi akitoa 66, linakuja wimbi moja kila sekunde, wou, wou, na kodi nzima inachafuka. Kwetu tofauti hiyo haikosekani: masika unyevu unavimbisha ubao wa sauti, piano inapanda, hasa katikati, na mpiga besi ametyuni kwa mashine. Atyuni kwa piano iliyo mbele yake!

Mpiga kanuni wa taarab, ala ile ya nyuzi nyingi, haya anayo mkononi. Kwenye taksimu, anapobuni peke yake, anajaza nafasi yote. Besi na ngoma ya dumbak wakiingia, anapunguza.

Lakini wanaofundisha kuwa msingi ni haramu mbele ya besi nao wamezidisha. Mpiga piano Bud Powell aliupiga, besi yupo: noti mbili, msingi na ya 7 kuhesabu kutoka kwenye msingi, fupi, mkono ukanyanyuka. Sheria hiyo ya kuukataza msingi siiamini tena kama zamani. Naona kosa kubwa ni kukalia noti. Jaribuni kwenye Dm7: D na C, nusu pigo, nyanyua. Kisha zishikilie mapigo manne besi akitembea, noti moja kila pigo, usikie anavyomezwa.